Mashine Iliyodhani Hakuna Mtu

Vijana wa karakana wameniomba niandike machache kabla sijasahau. Walininunulia keki ya kuniaga, na juu yake wakaandika "Fundi Lagat" badala ya Langat, kwa hivyo sina budi kulipiza. Haya, kaeni chini msome.

Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipanda pale walipochoka kunipita, na mshahara ulikuja mwisho wa mwezi kama wa kila mtu. Nitaandika kazi.

Siku ya kwanza nilifika pale karakana ya Kericho na cheti cha ufundi wa redio na viatu vya kaka yangu. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza mizani za vituo vya kununulia majani chai, na baadaye mitambo ya umeme inayoendesha mashine za viwandani. Aliyenipokea ni Mzee Ogola. Alitoka kule ziwani, lakini alikuwa amekaa Kericho muda mrefu hata akikasirika alikasirika kwa Kipsigis, tena cha ndani kuliko changu. Alinipa mizani iliyokufa, akaenda kunywa chai. Nilifungua kila skrubu iliyofunguka. Ilipofika saa sita meza yote ilikuwa imejaa vipande na mizani bado ilikuwa imekufa.

"Ulimuuliza mwenyewe ilikufaje?" akaniuliza.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Alinionyesha kwa kidevu. Karani wa kituo alikuwa ameketi kwenye benchi nje tangu asubuhi, mwavuli magotini. Nilipomuuliza akasema panya alikuwa amejenga kiota ndani, akamtoa kwa waya. Basi, waya huo ndio uliokata waya mwingine. Niliunganisha kabla chai haijapoa.

"Kuuliza si ujinga," Mzee Ogola akasema. "Ujinga ni kufungua skrubu zote hizo."

Alikuwa na msemo mwingine ambao sikuuelewa kwa miaka mingi. Kila kifaa kilipogoma alisema: usiangalie kinachopiga kelele, tafuta kilichonyamaza. Taa ikiwaka nyekundu, hiyo inajieleza yenyewe. Shida iko kwa ile ambayo ilipaswa kuwaka na haijawaka, na hakuna mtu anayeikumbuka. Alikuwa na mita moja ya kupimia umeme, kioo chake kimepasuka na kubandikwa plasta ya hospitali, na aliiamini kuliko alivyomwamini mkubwa wetu. Mita hiyo alinirithisha mimi. Iko hapa nyumbani na plasta yake.

Kisha zikaja kompyuta, na pamoja nazo C, lugha ya kuandikia programu. Mzee Ogola aliisoma uzeeni, akichapisha programu kwenye karatasi na kuzipitia kwa kalamu ya risasi, miwani puani, kama mtu anayesahihisha mtihani wa jirani. Mimi nilijifunza kwa kuketi kando yake. Wale mnaosema hamwezi kujifunza bila video, Mungu awasaidie.

Sasa nieleze jambo lenyewe, na hata kama wewe si mtu wa kompyuta utanielewa. Kila kiwanda kina mashine zake. Kimoja kina feni nyingi za kunyausha majani, kingine kina chache. Hiki kina mashine mpya ya kukaushia, kile kina ya zamani. Hatukutaka kuandika programu mpya kwa kila kiwanda. Kwa hivyo programu ilikuwa moja, na maelezo ya kiwanda yakakaa kando, kwenye faili tunaloliita heda. Ndani ya heda kuna makro, yaani majina yaliyopewa maana: jina hili ni idadi ya feni, jina lile ni joto la juu kabisa. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu mashine inaelewa, ikikuta jina inaweka maana yake pale.

Heda hatukuziandika kwa mkono. Msimamizi wa kiwanda alijaza jedwali kwa kompyuta, nasi tulikuwa na kijiprogramu kinachosoma jedwali na kutema heda. Mstari wa kwanza ulisema: faili hili limetengenezwa na mashine, usiliguse. Nasi hatukuligusa. Wala hatukulisoma, maana kitu kikisema kimetengenezwa na mashine watu hudhani kimekamilika.

Kasoro ilikuwa hapa. Msimamizi akiacha nafasi tupu kwenye jedwali, kijiprogramu kiliruka tu. Makro ile haikuandikwa. Na lugha ya C ina tabia moja ambayo nawaomba msiisahau hata mkinisahau mimi: ukiiuliza kwa `#if`, yaani "kama", kuhusu jina ambalo halikupewa maana, haikuulizi unamaanisha nini. Inalihesabu sifuri, inaendelea na safari. Hakuna kosa, hakuna kengele. Kompaila inaweza kukuonya ukiiomba, lakini sisi tulikuwa tumezima onyo hilo, kwa sababu kila kiwanda kilikosa mashine fulani na maonyo yalijaa skrini mpaka ukachoka. Miaka yote sifuri ilitufaa. Hakuna feni? Sifuri. Hakuna boila? Sifuri. Sawa.

Mzee Ogola peke yake hakuipenda. Karibu na kustaafu kwake alisema, "Siku moja nafasi itaachwa tupu kwa sababu nyingine." Tulimwitikia kama mnavyoniitikia mimi, halafu tukaenda kula.

Siku hiyo ilikuja yeye akiwa ameshastaafu na kurudi kwao. Kiwanda kimoja upande wa Longisa kilipiga simu kwamba kuna mama ameponea chupuchupu, na kwamba atafukuzwa kazi.

Mama mwenyewe aliitwa Mama Akinyi. Alikuja kutoka ziwani na mumewe zamani, na alifanya kazi kwenye mashine ya kukata majani. Kwa asiyeijua, ni roli mbili za chuma zenye meno, zinazunguka zikikaribiana, na mkanda unazilisha majani. Umeme ukipotea, na kule stima hupotea hata bila wingu, majani yanabaki yameganda kwenye meno. Inabidi mtu ainame na brashi ayasugue kabla hayajaoza. Stima ikirudi, mtambo wetu ulipaswa kuliza king'ora na kungoja mtu abonyeze kitufe cha kijani. Bila kitufe, hakuna kitu kinasonga. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa.

Mama Akinyi alikuwa ameinama anasugua. Stima ikarudi, na roli zikaanza kuzunguka bila king'ora wala kungoja. Kitambaa alichofunga kichwani kikashikwa na meno, kikavutwa. Bahati alikuwa amekifunga vibaya asubuhi ile kwa haraka, kikafunguka. Angekifunga kama kawaida yake, singekuwa naandika kwa sauti hii.

Meneja alisema haiwezekani. Mtambo hauwaki bila kitufe, kwa hivyo mama ndiye alibonyeza kisha akainama, akavunja sheria ya usalama, na aliyevunja sheria ya usalama huenda nyumbani. Angeitwa kwenye kikao wiki hiyo hiyo. Nilipofika Longisa, Mama Akinyi mwenyewe alinisubiri mlangoni kichwa wazi, mikono amefumbata kwapani.

"Fundi, mimi sikugusa kitu," akaniambia. "Nikifukuzwa kwa uvivu nitaenda. Lakini nisifukuzwe kwa uongo. Na huyo mtakayemweka pale baada yangu, kitambaa chake kitakuwa kimefungwa vizuri."

Neno hilo lilinifuata njia nzima ya kurudi. Niliogopa, naandika wazi. Niliogopa kila mara taa za karakana zilipopepesa, maana nilijua Longisa nako zimepepesa.

Nikaweka programu kwenye mtambo wa majaribio pale karakana. Nikakata stima, nikarudisha. King'ora kililia, mkanda ukangoja. Nikarudia. Ukangoja. Kevin, kijana wetu wa programu, aliangalia akatikisa kichwa.

"Mzee, hii kitu iko poa. Huyo mathe alibonyeza, ameogopa kusema."

"Wewe ungeogopa kusema?"

"Ai, mimi ningesema mapema."

"Basi hujawahi kuwa na bosi."

Mkubwa wetu wa karakana naye alikuwa na wazo lake. Alitaka tuandike kwenye ripoti kwamba ni hitilafu ya stima, kila mtu aende zake. Nikamwambia stima haina mdomo wa kujitetea, lakini Mama Akinyi anao, na ameutumia, na hatujamsikiliza.

Nilikuwa nimemaliza kila kinachopiga kelele. Hapo nikamkumbuka Mzee Ogola: tafuta kilichonyamaza. Mtambo wa majaribio ulitumia heda ya majaribio, ambayo Kevin aliijaza mwenyewe, kila nafasi. Haukuwa unatumia heda ya Longisa. Nikaichukua heda ya Longisa yenyewe, na badala ya kuiambia kompaila imalize kazi, nikaiambia isimame katikati inionyeshe programu ilivyobaki baada ya makro zote kuwekwa na `#if` zote kuamuliwa. Inawezekana, jifunzeni. Nikateremka mpaka mahali pa king'ora.

Palikuwa na mistari mitupu. King'ora hakikuwepo, na kungoja kitufe hakukuwepo. Baada yake programu iliendelea na mambo ya joto kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Kwenye programu yetu sehemu ile ilianza na `#if WATU_LAINI > 0`. Yaani, kama kuna watu wanaosimama kwenye laini hii, weka king'ora na ungoje. Kama hakuna, kama ile pampu ya maji iliyoko peke yake bondeni, washa tu stima ikirudi. Kwenye heda ya Longisa jina WATU_LAINI halikuwepo. Kompaila ikahesabu sifuri. Mashine ilidhani hakuna mtu.

Kevin akasogea kwenye skrini. "Kumbe huyo msimamizi alisahau kujaza."

"Alijaza idadi ya mota?"

"Amejaza."

"Feni?"

"Zote. Mpaka za stoo."

"Mtu anayekumbuka feni ya stoo anasahau watu?"

Kesho yake nikampeleka Kevin Longisa. Msimamizi alikuwa Mzee Arap Rono, mtu mpole na safi, gumboti zake unaweza kujiangalia ndani. Tulisalimiana kwa Kipsigis, chamgei, tukaulizana ng'ombe na mvua. Kisha nikamwonyesha ile nafasi tupu.

"Hapa ulisahau, mzee?"

"Sikusahau. Niliacha."

"Mbona?"

Akaniangalia kama mtu anayesikitikia wazazi wangu. "Langat, wewe ni mtoto wa huku. Imeuliza ni watu wangapi wanasimama kwa mashine. Mimi ng'ombe zangu sihesabu mbele ya mtu. Watoto wangu sihesabu. Sasa nihesabu watu, tena mbele ya mashine ya meno? Nikisema idadi, siku moja ipungue, nitamwambia nani?"

Kevin alifungua mdomo, nikamkanyaga. Alikulia Nakuru mjini, hakuwa na hatia. Lakini mimi nilijua. Kwa nyanya yangu ukiulizwa watoto wako wangapi unajibu "wapo." Sisi ni watu wa kanisa, mila nyingi tumeacha, lakini hii haikuachwa, ilihamia tu. Hata mzee wetu wa kanisa akitaka kujua waumini waliokuja, huhesabu viti vilivyokaliwa.

"Na mota ulihesabu," nikasema.

"Mota ni chuma."

Kwake yeye nafasi tupu ilikuwa ni kuwakinga watu wake na mabaya. Kwa kompaila ilikuwa ni kusema hawapo. Nilipomweleza hivyo, polepole, kwa Kipsigis, alivua kofia. Alikaa kwenye kreti akaangalia roli zile kwa muda mrefu. "Kwa hivyo ni mimi nilimtoa yule mama hapo," akasema. Nikamwambia hapana, waliomtoa ni wale walioamua kwamba mtu asipojibu amejibu sifuri. Niliamini hivyo na bado naamini.

Kikao kilikuwa siku hiyo. Sikuongea sana. Nilimwomba meneja tuende kwenye mashine, watu wote wasimame mbali nyuma ya mstari, na gunia kuukuu liwekwe juu ya mkanda. Nikazima swichi kubwa ukutani. Tukangoja. Kisha nikairudisha.

Hakuna aliyekuwa karibu na kitufe cha kijani. Roli zikaguruma, mkanda ukasonga, gunia likaingia kwenye meno likatoka upande wa pili nyuzi nyuzi. Hakuna king'ora. Nikazima.

Mama Akinyi alikuwa amesimama kando ya Arap Rono. "Mmeona?" akasema. Meneja alikohoa, akatazama saa yake, akasema kikao kimefungwa. Kuomba msamaha aliomba baadaye, kwa njia ya mtu mwingine, lakini mama alirudi kazini na neno lake likiwa zima. 

Laini hiyo tuliifunga siku ile ile. Ikabaki kutengeneza.

Kevin alikuwa wa haraka. "Rahisi mzee. Jina likikosekana, tunaliweka sisi wenyewe, sifuri."

"Hiyo si ndiyo imetufikisha hapa?"

"Basi tuweke moja."

Moja ni afadhali, sikatai. Lakini ikifika zamu ya ile pampu ya bondeni, ingekaa inangoja mtu abonyeze kitufe ambacho hakipo, na kiwanda kizima kingekosa maji. Na kibaya zaidi, tungekuwa bado tunawajibia watu ambao hawajajibu. Nikamwambia tusikisie sifuri wala moja. Programu igome. Tukaandika kwamba jina lisipokuwepo, `#error`, na baada yake maneno haya: "WATU_LAINI haijasemwa. Uliza mwenyewe." Kompaila ikifika hapo inakataa kuendelea, hata uibembeleze.

Kijiprogramu nacho tukakifundisha adabu. Kisiruke nafasi tupu kamwe. Kama kitu hakipo, msimamizi aandike "hakuna," na heda iandike sifuri waziwazi. Sifuri iliyoandikwa na mtu ina mwenyewe. Tukawasha tena lile onyo tulilozima, tukafanya kila onyo kuwa kosa. Siku za kwanza hakuna kiwanda hata kimoja kilichopita. Kevin alilaani kwa Sheng nzima, na mkubwa akauliza kama tumeharibu kila kitu. Nilimjibu ndiyo, ili tujue kilichokuwa kimeharibika. Tulipiga simu kiwanda baada ya kiwanda, na nafasi tupu za aina ile zilikuwepo kwingine pia.

Swali lenyewe ndilo lilinisumbua. Kugoma ni sawa, lakini ukimgomea mzee mpaka ahesabu watu wake, atakuandikia namba yoyote aende nyumbani, na namba ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu. Nikampigia Arap Rono.

"Mzee, nitakuulizaje ili unijibu?"

Hakufikiri hata. "Usiniulize wangapi. Niulize nani. Wanao majina."

Basi tukabadilisha. Jedwali halikuuliza tena idadi. Liliuliza: nani husimama hapa? Ukiandika jina la mtu mmoja au la kumi, heda inaandika kuna mtu, na king'ora kinawekwa. Mashine haikuwahi kuhitaji idadi. Sisi ndio tuliopenda namba.

Nilimpigia Mzee Ogola kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama bado ninayo mita yake. Nikasema ninayo. Akasema vizuri, akakata.

Siku yangu ya mwisho karakana, kabla ya ile keki, Kevin alikuwa anatengeneza programu ya laini mpya kule kule Longisa. Kompaila ikagoma. Niliona maneno yetu mekundu kwenye skrini yake: haijasemwa, uliza mwenyewe. Nikajifanya napanga droo. Nilitaka kuona mkono wake utaenda wapi, kwenye kibodi au kwenye simu.

Ulienda kwenye simu. Akaiweka mezani kwa spika, maana alikuwa anaandika.

"Chamgei," akasema, kwa matamshi ya Nakuru yanayoumiza masikio. "Naongea na Mzee Rono?"

"Mzee yuko nje na mafundi," sauti ya mama ikajibu. Niliijua papo hapo. "Sema, nitampa."

"Ile laini mpya, mama. Nataka kujua nani atasimama pale."

"Pale? Atasimama Chelangat. Na Betty, yule mrefu. Na mimi, nimehamishwa huko." Akaongeza: "Mimi ndiyo uandike kwanza, kijana. Mama Akinyi. Andika kubwa, hiyo mashine ione."

Kevin akaandika. Kompaila ikapita, nikafunga droo.